Ripoti inasema tezi ni safi, shemeji anataka zikatwe zote

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 46, na kazi yangu ni ushonaji. Nina cherehani mbili katika soko la Toi. Msimu wa shule nashona sare, miezi mingine napunguza na kupanua nguo za wateja wa mitumba. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu hakulaliki, na chanzo chake ni alama moja ya kujumlisha.

Mwaka huu niligunduliwa kuwa na saratani katika titi la kulia. Uvimbe ulikuwa wa sentimita 1.8, na altrasaundi ya kwapa haikuonyesha kitu. Nilifanyiwa upasuaji hapa Nairobi. Daktari akatoa uvimbe, titi likabaki, na baada ya kunidunga rangi ya bluu akatoa pia tezi tatu za kwapani. Kidonda kimepona vizuri. Nilipoenda kuchukua majibu, aliniambia tezi ni safi, kwamba nitafanyiwa mionzi kisha nimeze tembe za homoni kwa miaka kadhaa. Kuhusu kemo alisema daktari wa saratani ndiye atakayenieleza. Nilitoka pale nikiwa mwepesi.

Mambo yaliharibika mume wangu alipoipiga picha ripoti na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la familia, lile lililofunguliwa kwa ajili ya mchango. Mwishoni pameandikwa pN0(i+), na juu yake kuna sentensi inayosema katika tezi moja zimeonekana seli chache za saratani zilizojitenga, ukubwa chini ya milimita 0.2. Shemeji yangu, ambaye ni kaka mkubwa wa mume wangu, akauliza: "Kama ni safi, hii plasi ni ya nini?" Tangu siku hiyo hakuna amani. Anasema ama daktari amenificha, ama maabara zetu hazina macho.

Wifi yangu yuko Uingereza, anafanya kazi ya kutunza wazee, na ndiye aliyetoa pesa nyingi kuliko wote. Anasema huko tezi hazitazamwi kwa hadubini tu. Zinasagwa, zinatiwa kwenye mashine inayosoma jeni, na jibu linatoka mgonjwa akiwa bado kwenye meza ya upasuaji. Anataka tuchukue vipande vyangu hospitalini tuvitume nje vikapimwe upya. Shemeji naye anataka nirudi kwa mpasuaji aondoe tezi zote za kwapa "tumalize hii kitu". Mume wangu usiku anasema nifuate daktari, asubuhi akishaongea na kaka yake anageuka.

Shangazi, huu mkono wa kulia ndio unaotulisha. Kuna mama kanisani kwetu aliyeondolewa tezi zote, mkono umemvimba hadi mikono ya blauzi zake inabidi nimpanulie. Naogopa hilo. Lakini naogopa zaidi kuiacha saratani ndani kwa kuhurumia mkono, halafu siku moja watoto waniulize kwa nini. Tarehe ya kuanza mionzi imekaribia na shemeji anasema niahirishe mpaka majibu ya nje yarudi. Je, ugonjwa umeenea au haujaenea? Hiyo mashine itaona ukweli ambao hadubini haikuuona? Na nimwambieje wifi yangu bila kuonekana sina shukrani?

Fundi wa Toi, Nairobi

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuugua na kwa kelele zilizofuata.

Nianze na lenye haraka. Usiahirishe mionzi kwa ajili ya kipimo hiki. Nenda kwenye miadi yako hata kama mnaendelea kubishana, na hapo chini utaona kwa nini ndiyo sehemu ya matibabu ambayo hupaswi kuichezea.

Sasa hiyo plasi. Shemeji yako ameuliza swali zuri, ila jibu alilolichukua silo. Seli za saratani zikitoka kwenye titi kupitia njia za limfu, kwa kawaida hupitia kwanza tezi moja au chache za kwapani, kama vile matatu ya Ngong Road isivyoweza kukufikisha mjini bila kupita stage zilizo katikati. Tezi hizo za mwanzo huitwa sentineli. Ile rangi ya bluu uliyodungwa ilifuata njia hiyo hiyo ili kumwonyesha mpasuaji ni zipi. Madaktari wa Marekani ndio walioanza kuandika kuhusu njia hii kwa saratani ya matiti, mwaka 1993 na 1994. Kabla ya hapo karibu kila mwanamke aliyepasuliwa titi aliondolewa tezi zote za kwapa, ziwe na ugonjwa au zisiwe nao, na wengi waliumia mkono bure.

Tezi zako tatu zilikatwa vipande vyembamba, zikatiwa rangi, na mpatholojia, yaani daktari anayechunguza vipande vya mwili maabara, akazitazama chini ya hadubini. Akiona seli za saratani, haitoshi kuandika "zipo". Hupima. Chukua tepu yako ya kupimia nguo, angalia upande wa sentimita. Kati ya kistari kidogo na kistari kidogo ni milimita 1. Fungu la seli lililozidi milimita 2, yaani nafasi mbili hizo, ndilo linalohesabiwa kuwa saratani iliyohamia kwenye tezi kikamilifu. Lililo kati ya milimita 0.2 na 2 ni mhamo mdogo. Lisilozidi 0.2, yaani sehemu moja ya tano ya nafasi kati ya vistari viwili, huitwa seli zilizojitenga. Hapo ndipo ulipo wewe. Utaratibu wa kimataifa wa kupanga hatua za saratani unaliweka kundi hili kwenye N0, yaani tezi zisizohesabiwa kuwa na saratani, pamoja na wale ambao tezi zao hazikuonekana na seli hata moja. Ile i+ huongezwa kama kumbukumbu.

Kwa hiyo daktari wako aliyesema tezi ni safi alisema kwa lugha ya mkato. Ningependa angekaa nawe dakika tano zaidi aieleze hiyo i+, maana mgonjwa wa leo anasoma ripoti yake, na familia yake pia inaisoma. Lakini hakuficha kitu: kimeandikwa. Na hoja ya kwamba maabara zetu hazina macho inajivunja yenyewe. Alama hiyo ipo kwenye karatasi kwa sababu kuna mtu hapa Nairobi alikaa kwenye hadubini mpaka akaziona seli ambazo kwa ukubwa wake zingeweza kumpita.

Umeniuliza kama ugonjwa umeenea au haujaenea. Seli chache zimefika kwenye tezi, hilo ni kweli na sitakudanganya. Swali la maana ni kama kufika kwake kunabadilisha maisha yako ya mbele, na hilo limechunguzwa kwa wanawake wengi sana. Katika utafiti mmoja mkubwa wa Marekani unaojulikana kama NSABP B-32, tezi zilizokwisha kuandikwa kuwa safi zilikatwa upya kwa kina na kutiwa rangi maalumu ya kufichua seli zilizojificha. Madaktari waliokuwa wakiwatibu wanawake hao hawakuambiwa majibu, ili matibabu yasibadilike kwa hofu. Kati ya wanawake 3,887, asilimia 15.9 walikutwa na saratani iliyojificha. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai katika kundi hilo walikuwa asilimia 94.6, na katika kundi lisilokutwa na kitu asilimia 95.8. Majibu hayo yalitolewa mwaka 2011. Tofauti ya asilimia 1.2 si sifuri. Ila ni ndogo mno kumfanya mtu arudi kwenye kisu, na katika hao waliokutwa na saratani wamo hata wenye mihamo iliyo mikubwa kuliko yako.

Sasa tuje kwa mashine ya wifi yako. Hakuitunga, ipo. Inayojulikana zaidi huitwa OSNA, imetengenezwa na kampuni ya Sysmex ya Japani. Tezi hutolewa ikiwa mbichi, husagwa kwenye kimiminika, kisha mashine hutafuta ujumbe wa jeni moja iitwayo CK19. Jeni hiyo hufanya kazi katika seli za titi na nyingi za saratani zake, lakini katika tezi yenye afya haitarajiwi kuonekana. Ujumbe huo, ambao ni RNA, hunakiliwa mara nyingi sana kwenye joto lisilobadilika la nyuzi 65 hivi, na kasi ya kuongezeka kwake huonyesha ulianza ukiwa kiasi gani. Jibu hutoka kwa dakika 30 hadi 40. Mwaka 2013 taasisi ya Uingereza inayoshauri kuhusu vipimo na dawa, NICE, ilikubali kitumike wakati wa upasuaji. Marekani nao walikuwa na chao, GeneSearch, kilichoidhinishwa mwaka 2007, lakini baadaye mtengenezaji akakiondoa sokoni.

Angalia kazi ya mashine hiyo ni ipi. Zamani mwanamke aliamka kutoka kwenye usingizi wa dawa, akangoja majibu kwa wiki moja au mbili, kisha akaitwa tena kwa upasuaji wa pili kwa sababu tezi ilikutwa na saratani. Mashine ililetwa ili kuondoa safari hiyo ya pili. Ilikuwa dawa ya kusubiri. Wewe umeshasubiri na majibu umeyapata.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani wifi yako hajaelezwa. Mashine hii haiandiki "ipo" kwa kila chembe inayoikuta. Imewekewa mipaka. Nakala zikiwa chini ya 250 kwa kila maikrolita moja, jibu ni hasi. Kutoka 250 hadi 5,000 ni mhamo mdogo, na zaidi ya 5,000 ni mhamo mkubwa. Mpaka wa 250 uliwekwa makusudi ili seli zilizojitenga, kama zako, zisihesabiwe. Yaani tezi yako ingewekwa kwenye mashine ya Uingereza, ingeweza kabisa kuandikwa kuwa haina kitu, na hiyo plasi inayowanyima usingizi isingekuwepo! Mnataka kulipa pesa nyingi kutafuta kipimo kikali zaidi, na kumbe kilichotumika kwenu ndicho kilichoona chembe ndogo zaidi.

Hata mkitaka kwa nguvu, haiwezekani. Tezi zako zilizamishwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi vipande vya mwili, kisha zikagandishwa kwenye nta, kama inavyofanyika kila mahali kwa kazi ya hadubini. Formalini huivunjavunja RNA. Kipimo hiki kimeidhinishwa kwa tezi mbichi, si kwa bloki za nta. Anayewaambia mtume bloki hizo zikapimwe kwa mashine hiyo ama hajaelewa, ama anauza kitu kingine. Mkimpata mtu mjini anayewaahidi hivyo kwa malipo ya mapema, shikeni pochi zenu.

Nami, kwa hali ya huku kwetu, nina sababu yangu nyingine ya kuipenda hadubini. Tezi ikishasagwa hakuna mtu atakayeitazama tena. Kwapa la mtu wa Nairobi linaweza kuwa na tezi iliyovimba kwa kifua kikuu, au kwa saratani ya tezi zenyewe, limfoma, ambayo matibabu yake ni mengine kabisa. Mpatholojia anayeiona tezi huyatambua hayo. Mashine inayouliza kuhusu CK19 peke yake hujibu kuhusu CK19 peke yake. Tena zipo saratani chache za matiti ambazo seli zake hazitoi CK19. Kwa hizo mashine husema hakuna na kumbe ipo.

Basi tumwendee shemeji na kisu chake.

Wazo la kuondoa tezi zote "tumalize" linaeleweka. Ni wazo ambalo wapasuaji wenyewe walilishikilia kwa karibu karne nzima. Lilipimwa, na halikusimama. Utafiti wa Z0011 uliwachukua wanawake 891 waliokuwa na uvimbe usiozidi sentimita 5 na saratani katika tezi moja au mbili za sentineli. Hao tezi zao zilikuwa na ugonjwa wa kuhesabika, wamekuzidi wewe. Nusu waliondolewa tezi zote za kwapa, nusu wakaachwa. Baada ya miaka 10, waliokuwa hai kati ya walioachwa walikuwa asilimia 86.3, na kati ya walioondolewa asilimia 83.6. Katika waliokatwa, zaidi ya robo walikutwa na saratani katika tezi nyingine za nyuma yake, ambayo maana yake ni kwamba hata miongoni mwa walioachwa, wengi walibaki nayo. Na bado, katika ufuatiliaji wa miaka 6 hivi, saratani kuzuka tena kwapani ilitokea kwa chini ya asilimia 1 yao. Utafiti mwingine uliofanywa zaidi Ulaya, IBCSG 23-01, uliwahusu wenye mihamo isiyozidi milimita 2. Miaka 10 baadaye, walioishi bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 76.8 kwa wasiokatwa na 74.9 kwa waliokatwa. Kukata hakukuongeza kitu.

Kilichozilinda hizo tezi zilizoachwa ni nini? Wanawake wa Z0011 walibakiziwa titi kama wewe, na wote walipangiwa mionzi ya titi zima. Walio wengi walipewa pia dawa za kuzunguka mwilini, za homoni au kemo. Ndiyo sababu nimeanza na miadi yako. Shemeji anakwambia uahirishe mionzi ili kwanza tujue kama kwapa liko salama, na hali mionzi na tembe ndizo zinazofanya iwe salama kuliacha kwapa. Kwa mwanamke aliyebakiziwa titi, mionzi hupunguza uwezekano wa saratani kurudi kwa takriban nusu katika miaka 10 ya kwanza. Tembe za homoni, zikimezwa kwa miaka 5 na uvimbe ukiwa na vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni, hupunguza vifo vya saratani ya matiti kwa karibu theluthi moja. Tembe hizo hupita kwenye damu, zikaifuata seli hata ikiwa mahali ambapo hakuna kisu wala mashine ingeitafuta.

Kuhusu mkono, hofu yako ina msingi. Kati ya wanawake wanaoondolewa tezi zote, karibu 1 kati ya 5 huvimba mkono, na uvimbe huo ukishaingia hutunzwa tu, hauondoki kirahisi. Kwa wanaotolewa sentineli peke yake, kama wewe, ni 1 kati ya 20 hivi. Kwa hiyo nawe usijisahau. Muulize mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuonyeshe mazoezi ya bega, urudi kwenye cherehani taratibu, na mkono ukianza kuwa mzito, pete ikibana, au ngozi ikiwa nyekundu na moto, nenda hospitali mapema. Kuuhurumia mkono wako si ubinafsi, mwanangu. Mpasuaji mzuri huuhurumia kabla yako.

Sasa pesa. Naona familia yenu imechanga na inatafuta pa kuitumia. Mahali pa kuuliza ni pale ambapo daktari wako hajamaliza: kemo. Kwa mwanamke wa miaka 46, swali la kama anahitaji kemo au la ni zito kuliko swali la hiyo i+, na jibu lake linatoka kwenye uvimbe wenyewe: ukubwa wake, daraja lake, vipokezi vya homoni viitwavyo ER na PR, na HER2, protini inayochochea seli kukua. Angalia kama vyote vimeandikwa kwenye ripoti. Kikikosekana kimojawapo, hicho ndicho cha kulipia kwanza. Kisha kuna kipimo cha molekuli cha aina nyingine, ambacho naamini ndicho kinachochanganywa na cha wifi yako katika mazungumzo mengi ya mtandaoni. Kinaitwa Oncotype DX. Husoma jeni 21 za uvimbe wa titi, si za tezi, na hicho hufanyika kwa bloki ya nta, kwa hiyo kinaweza kutumwa nje. Kimetengenezwa kwa saratani yenye vipokezi vya homoni na isiyo na HER2, na humsaidia daktari kukadiria kama kemo itakufaa. Ni ghali, kinaingia katika laki kadhaa za shilingi. Usikimbilie. Muulize daktari wa saratani swali moja tu: "Majibu yakija juu utafanya nini, na yakija chini utafanya nini?" Akisema atafanya jambo lile lile kwa vyovyote vile, rudisha pesa mfukoni.

Zikibaki, zina kazi. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia matibabu ya saratani hadi kiwango fulani kwa kaya kwa mwaka, na mionzi inaweza kukila kiwango hicho haraka. Nenda ofisi ya bima ya hospitali waulize umebakiwa na ngapi kabla hujaanza. Halafu kuna nauli ya kila siku ya mionzi kwa wiki kadhaa, kodi ya kibanda Toi siku usizoshona, tembe za miaka, mamogramu ya kila mwaka. Hayo hayana mvuto wa mashine ya ng'ambo na hakuna anayeyatungia mchango, lakini mgonjwa akikwama, mara nyingi hukwamia hapo.

Tufike kwa watu. Kwa mume wako usihojiane naye kuhusu seli. Mwambie akusindikize kwa daktari, na amlete kaka yake. Shemeji wa namna hii hulainika akiulizwa mbele ya daktari kuliko akijibiwa kwenye simu. Mpe pia jambo la heshima la kufanya: mwambie una haki ya kuomba slaidi na bloki zako zitazamwe na mpatholojia wa pili hapa hapa Nairobi, au kesi yako ijadiliwe katika kikao cha pamoja cha madaktari wa saratani, wapasuaji na wa mionzi, ambacho hospitali kubwa hukifanya. Yeye ndiye akafuatilie karatasi hizo. Haligharimu sana, haliizuii mionzi, na mpatholojia wa pili akisema tofauti, mtakuwa mmejua kwa njia iliyo sahihi.

Wifi yako mpigie mwenyewe, usimwandikie kwenye kundi mbele ya watu. Anza na shukrani, na uzitaje pesa zake zimefanya nini: upasuaji ulilipwa, biopsi ililipwa. Kisha mpe kazi badala ya kumkatalia. Mwambie awaulize madaktari wa matiti wa hapo alipo: mgonjwa wenu mwenye uvimbe wa sentimita 1.8, aliyebakiziwa titi, mwenye N0(i+), mnamrudisha kumkata kwapa? Sina wasiwasi na jibu atakaloletewa, na likitoka Uingereza kwa mdomo wake mwenyewe, kundi zima litalipokea. Kutunza wazee ni kazi ngumu ninayoiheshimu, ila si wadi ya upasuaji wa matiti. Huenda hicho kipimo amekisikia tu, na amekuambia kwa upendo.

Ukihitaji mtu wa kuzungumza naye asiye ndugu, kituo cha Faraja kilichopo Parklands huwapa wagonjwa wa saratani na jamaa zao ushauri nasaha. Nenda na mume wako, naye anahitaji.

Kwenye kundi andika maneno machache tu: "Ripoti imeeleweka. Hatua ni N0. Naanza mionzi tarehe niliyopewa. Shemeji anafuatilia maoni ya mpatholojia wa pili. Asanteni." Na mwambie mume wako ripoti zijazo zisipigwe picha mpaka daktari awe amekusomea kwanza.

Shangazi